Kupita Stelvio katikati ya Oktoba na mama mkwe ndani ya gari: inawezekana au nijipange upya?

#1 Mhamiaji wa Isar
Wakuu, za jioni.

Niko Munich, mwaka wa sita huu. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Marangu, viza yake inaisha mwanzoni mwa Novemba, na ombi lake ni moja: aione milima ya Wazungu ailinganishe na wa kwao. Likizo nimepata wiki ya pili ya Oktoba, kabla ya hapo haiwezekani. Kwa hiyo ni safari ya vuli, tupende tusipende.

Mpango wangu: Munich, Fernpass, Landeck, tunavuka Reschen, tunalala bondeni upande wa Italia. Kesho yake asubuhi tunapanda Stelvio, ile barabara ya kuvuka milima ya Alps huko Italia, kutokea Prato kwa zile kona 48, tunashukia Bormio, Tirano, mpaka Ziwa Como. Siku nne. Tuko sita: mimi, mama watoto, watoto wawili, shemeji yangu na mama mkwe. Gari ni dizeli ya 2012, siti saba, gia za mkono.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Agosti mwaka jana nilikuwa nashuka mlima Grossglockner, Austria, na gari hilihili. Katikati ya mteremko ikaanza harufu, moshi kwenye tairi za mbele, na breki zikawa siyo zile nilizozizoea. Nikapaki pembeni nusu saa, zikarudi. Nilivyofika nyumbani gereji wakaangalia wakasema gari ni zima. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

Nauliza: njia hiyo Oktoba inapitika? Na zile breki zilikuwa na shida gani?

#2 Sultani wa Tabata
Vuli ipi mkuu, ya mvua au ya majani kupukutika? Huku kwetu vuli ikianza tunavua viatu tuvuke barabara, hatupandi milima. Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

#3 Chapati Mbili
Haipitiki. Oktoba moja Ulaya yote ni lazima matairi ya baridi, na hizo pasi (njia za kuvuka milima) zote zinafungwa. Zunguka.

#4 Nyanda za Juu
#3 umechanganya mambo matatu kwenye sentensi mbili.

Matairi: Ujerumani hakuna tarehe. Sheria inasema kukiwa na theluji au barafu barabarani, lazima uwe na matairi yenye alama ya mlima na kipande cha theluji. Ukikamatwa bila hayo ni yuro 60 na pointi moja. Kile kisemwacho "Oktoba mpaka Pasaka" ni desturi ya kukumbushana, siyo sheria. Austria wana tarehe, Novemba 1 mpaka Aprili 15, nayo ni pale tu hali ya barabara inapokuwa ya baridi. Italia kwenye barabara zilizotajwa ni Novemba 15 mpaka Aprili 15, matairi au minyororo ndani ya gari. Uswisi hawakulazimishi, ila ukikwama na matairi ya kiangazi ukaziba barabara, gharama ni zako.

Pasi: Stelvio kwa kawaida inafunguka kati ya mwisho wa Mei na Juni, inafungwa mwisho wa Oktoba au mapema Novemba. Kwa hiyo wiki ya pili ya Oktoba ipo ndani ya msimu. Lakini "ndani ya msimu" haina maana kwamba utapita siku hiyo. Usiku mmoja wa theluji unatosha wakashusha kizuizi, wakafungua kesho kutwa saa nne.

#5 Chapati Mbili
Sawa mkuu, nimerekebishwa. Ila nilikaa Innsbruck miaka miwili na kila mtu alikuwa anabadilisha tairi Oktoba.

#6 Nyanda za Juu
Na wana akili. Mimi pia nabadilisha. Nimesahihisha sheria, sijasahihisha busara.

#7 Mzee wa Kitonga
Kijana wa #1, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa.

Nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka kumi na tisa. Tatizo lako nimelijua kabla sijamaliza kusoma. Ulishuka na gia kubwa, mguu umeukalisha kwenye breki kama unakanyaga cherehani. Kwenye mteremko wa Kitonga tulikuwa na sheria moja: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Ukipanda na ya pili, shuka na ya pili, injini ikushike. Breki unaigonga, unaachia, unaigonga, unaachia. Ukiikalia inapata moto, na breki ikishapata moto haina rafiki.

Wapo waliokuwa wanashusha nyutro kuokoa mafuta. Wengine wako korongoni mpaka leo.

#8 Mhamiaji wa Isar
Shikamoo mzee wangu, samahani sana. Kweli nilikuwa gia ya nne, mara nyingine ya tatu.

#9 Mzee wa Kitonga
Marahaba. Sasa umeona.

#10 Spana Kumi na Tatu
Mzee wa #7 heshima yako, lakini hilo ni sababu ya moto, siyo jibu la kilichoharibika. Mkuu wa #1, swali moja la kifundi: pedali ilizama au ilikuwa ngumu?

Ikizama, ikawa laini kama unakanyaga sponji, hapo fluidi ya breki ilichemka. Fluidi inavuta unyevu wa hewa kadiri inavyozeeka. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanywa maji inashuka mpaka huko 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga hewa. Ikipoa pedali inarudi, na gereji hawaoni kitu. Ndiyo maana inabadilishwa kila miaka miwili.

Ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari haishiki, hiyo ni pedi zenyewe zimeiva, zinateleza juu ya diski. Ni ugonjwa mwingine na dawa yake nyingine.

#11 Turbo Bubu
Mmesahau mwinuko. Juu kule hewa ni nyepesi, na haidrovaki (kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki) inafanya kazi kwa tofauti ya hewa ya nje na vakyumu ya ndani. Hewa ya nje ikipungua, msaada wa breki unapungua. Mguu unahisi breki zimekufa, kumbe ni nguvu tu imepungua. Kwa mita 2,500 ni tofauti ya kuhisika.

#12 Spana Kumi na Tatu
#11 unachosema ni kweli kwa fizikia, lakini hakitoi moshi. Na dizeli ina pampu yake ya vakyumu, haitegemei injini kunyonya kama petroli. Narudia: ilizama au ilikuwa ngumu?

#13 Timboroa Boy
Wasee wa Bongo mnaogopa mita 2,757 za Stelvio? Reli yetu kule Timboroa inapita juu ya mita 2,700, na barabara ya Nakuru–Eldoret iko hapohapo kando. Lori za Uganda zinapita usiku na mchana, hakuna kizuizi, hakuna theluji, ni ukungu na viazi tu kando ya barabara. Stelvio ni Timboroa yenye wapiga picha.

#14 Sultani wa Tabata
"Timboroa yenye wapiga picha." Uzi ungeishia hapa 😂

#15 Nyanda za Juu
#13 mwinuko ni kweli, ila jiografia umeiacha stendi. Timboroa iko juu ya ikweta, Stelvio iko nyuzi 46 na nusu kaskazini. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua kama nyuzi sita na nusu. Kwa hiyo bondeni kukiwa na nyuzi 10 asubuhi ya Oktoba, mahesabu ya haraka juu ni karibu na sifuri, na barafu usiyoiona kwenye kivuli cha kona. Timboroa ukitoa kiasi hichohicho unabaki na baridi ya sweta.

#16 Timboroa Boy
Sweta na jaketi boss. Hapo hatujashindana.

#17 Kipepeo wa Bern
Mimi ni dada wa Uswisi, nimepita Stelvio mara mbili, mara moja Oktoba.

Mpango wako una kasoro moja: hauna mlango wa pili. Ukifika Prato ukakuta bango jekundu, utafanya nini na watu sita? Ila una bahati, uko kona nzuri ya ramani. Kutoka bonde hilohilo unaingia Uswisi kwa Müstair, unapita Ofenpass (2,149), unatokea Zernez. Kutoka hapo unapanda bonde la Engadin mpaka karibu na St. Moritz, halafu unachagua: Bernina (2,328) ushukie Poschiavo na Tirano, au Maloja (1,815) ushukie Chiavenna na Como. Hizi tatu zinatunzwa mwaka mzima; zinaweza kufungwa kwa dhoruba, ila hazifungwi kwa msimu.

Na nikwambie ukweli: Oktoba njia hii ni nzuri kuliko Stelvio. Kule Engadin kuna miti inaitwa larch, ya jamii ya misonobari, lakini yenyewe inapukutisha. Kabla ya kupukutika bonde zima linakuwa la dhahabu. Mama atafurahi kuliko kona 48 za kumtapisha.

Barabara hizo siyo moteweya (barabara kuu za mwendo kasi), kwa hiyo hulipi ile stika ya faranga 40. Lakini zima data kwenye simu! Uswisi haimo kwenye mpango wa EU wa kutumia simu nchi nyingine bila gharama ya ziada. Mdogo wangu aliangalia ramani na video kidogo tu, bili ikaja ya kulia.

#18 Mhamiaji wa Isar
Dada wa #17 ubarikiwe. Hilo la simu sikulijua kabisa.

#19 Maziwa Mgando
Na nyama! Uswisi wanaruhusu kilo moja kwa mtu. Tulikuwa watatu na kilo saba za mbuzi kwenye kibaridi, tunaenda kwenye ubarikio. Afisa wa mpakani akatuuliza kwa upole kabisa, "Sherehe ya nani?" Faini tulilipa, mbuzi hatukuila.

#20 Sultani wa Tabata
Hapo nimeumia mimi ambaye sikuwepo.

#21 Mtu wa Pasi
Wakati mnaongelea Stelvio, mjue ndiyo barabara ya juu kuliko zote Ulaya, Mussolini aliijenga.

#22 Nyanda za Juu
Nitasahihisha mpaka lini jamani. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825, mhandisi Carlo Donegani, chini ya dola ya Austria, iliyotaka kuiunganisha Lombardia na Tirol. Mussolini hata babu yake sijui kama alikuwa amezaliwa. Na siyo ya juu kuliko zote: Iseran ya Ufaransa ni 2,764.

#23 Kipepeo wa Bern
Vibao vingine vya Iseran vinasema 2,770. Na kama ni barabara tu, siyo pasi, ile inayopanda kwenye barafu ya Sölden, Austria, inafika 2,830.

#24 Bara Hindi
Na Hispania kuna ya Veleta inapita 3,000, ila magari binafsi hayaruhusiwi kufika juu.

#25 Mla Papa
Mkitoka Ulaya nendeni Lesotho. Sani Pass ni 2,876, changarawe, na upande wa Afrika Kusini hawakuruhusu bila gari la gia nne kwa nne. Nimeipanda Julai kuna barafu. Afrika. Barafu. Blanketi nililonunua juu kule ninalo hadi leo.

#26 Mtu wa Pasi
Basi niseme ni ya juu kuliko zote kati ya Munich na Como.

#27 Nyanda za Juu
Kwa njia yake, hiyo nakupa.

#28 Ngomo
Jambo wandugu. Miye niko Liège lakini ni mutu wa Bukavu. Kama hamuyayua escarpement ya Ngomo, ile ya kushuka Kamanyola, basi hamuyayua mulima. Kule hakuna bango jekundu, kuna poussière (vumbi) na camion (lori) yenye imekufa katikati ya njia. Baba wangu alikuwa anasema: dereva wa mulima anaangalia camion ya tatu mbele, hapana ya kwanza.

#29 Mzee wa Kitonga
#28 huyo baba yako nilimfahamu hata kama hatukukutana.

#30 Nesi wa Zamu
Naomba mniruhusu niingize la mama mkwe, maana mnaongea breki tu kama vile yeye ni mzigo.

Ana presha? Anatumia dawa? Kwenye 2,757 hewa ina msukumo chini kidogo ya robo tatu ya ule wa Dar. Kwa watu wengi nusu saa ya kupiga picha haina neno. Na kumbuka amekuja kwa ndege: ndani ya ndege zile za masafa marefu hewa inawekwa kama ya mlima wa mita elfu mbili mpaka 2,400 hivi, na alikaa humo masaa mengi. Kama ana tatizo la moyo au mapafu, daktari wake aulizwe kabla, siyo sisi. Msilale juu, mlale bondeni kama ulivyopanga. Watoto wape cha kutafuna wakati wa kushuka, masikio yafunguke.

Tangawizi kwa kichefuchefu. Na mifuko.

#31 Sultani wa Tabata
Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019 dada Nesi. Watapike kwenye vikapu?

#32 Nesi wa Zamu
Wao wako Ujerumani. Wewe tapika kwenye kikapu.

#33 Mhamiaji wa Isar
Presha hana. Nilivyomwambia kuhusu mwinuko alicheka. Anasema geti la Marangu lenyewe liko juu ya mita 1,800 na yeye ujana wake alikuwa anapanda huko kukata kuni, sasa mimi namtisha na barabara ya lami.

#34 Umeme Tu
Uzeni hizo dizeli. Niko na gari la umeme, Salzburg. Ninaposhuka, mota inageuka jenereta, breki za mguu sizigusi karibu kabisa. Kutoka Stelvio mpaka Bormio ni kama mita 1,500 za kushuka. Gari la #1 na watu sita na mizigo ni tani mbili na kitu. Piga hesabu: joto ambalo breki zako zinatakiwa kulimeza ni karibu uniti tisa na nusu za LUKU. Mimi sehemu kubwa narudisha kwenye betri.

#35 Spana Kumi na Tatu
Hesabu yako nimeirudia, iko sawa. Ila ukichaji mpaka mia kwa mia hotelini juu ya mlima halafu ukaanza kushuka, betri haina pa kuweka, mota haikushiki, unarudi kwenye breki kama sisi wengine. Nimemvuta mmoja wa hivyo.

#36 Umeme Tu
Kweli. Kule juu naishia themanini.

#37 Bara Hindi
Kuhusu hali ya hewa: mkuu panga kufika upande wa kusini mapema, Italia kuna joto. Ukishavuka tu umepona.

#38 Kipepeo wa Bern
#37 hapana, hiyo ndiyo inayowaponza watu wa Munich. Kuna upepo unaitwa Föhn. Unatoka kusini, unapanda milima, unamwaga mvua na theluji yote upande wa Italia, halafu unateremka kaskazini ukiwa mkavu na wa moto. Munich Oktoba inakuwa nyuzi 20 na ushee, watu wanakunywa bia nje, milima inaonekana karibu kama unaweza kuigusa. Unasema siku njema ya safari. Unafika juu unakuta kusini kumeziba.

#39 Chapati Mbili
Na inakuja kinyume pia. Septemba 2024, katikati ya mwezi, theluji nzito iliishukia Austria kutoka kaskazini na barabara za juu zikafungwa. Septemba hiyo! Kusini kulikuwa na nafuu. (Hii niko na uhakika, nilikuwepo.)

#40 Bara Hindi
Kwa hiyo kusini kuna joto au hakuna?

#41 Kipepeo wa Bern
Inategemea upepo wa siku hiyo. Angalia kamera. Hizo pasi kubwa nyingi zina kamera mtandaoni, unaiona lami kwa macho yako saa kumi na mbili asubuhi. Utabiri wa Munich usiutumie kabisa.

#42 Pikipiki Tatu
Kamera yenyewe inaonyesha lami pale juu kwenye jua, haionyeshi kona ya kivulini. Nilianguka kwenye kona ya kivulini.

#43 Kipepeo wa Bern
Pole. Ndiyo maana usiondoke saa kumi na mbili. Kula, kunywa chai, panda saa nne, jua likishafanya kazi yake.

#44 Mzee wa Kitonga
Saa nne ndipo mabasi na pikipiki wanajaa. Mlima unapandwa alfajiri.

#45 Kipepeo wa Bern
Mzee wangu, kwa Kitonga nakubali. Kwa barafu hapana.

#46 Mzee wa Kitonga
Kila mtu na mlima wake.

#47 Maziwa Mgando
Hakuna aliyemwambia habari ya basi la posta. Uswisi kwenye zile barabara zenye alama ya bluu na pembe ya njano, dereva wa basi la njano ndiye anayeamuru. Akisema rudi nyuma, unarudi. Kabla ya kona isiyoonekana anapiga honi ya sauti tatu, imetolewa kwenye muziki wa Rossini wa William Tell. Ukiisikia tafuta pembeni. Na kwa kawaida anayeshuka ndiye anampisha anayepanda. Mimi nilirudi rivasi mita mia, korongo mkono wa kulia, mke kafumba macho anasali Rozari, na basi linanifuata taratibu kama ng'ombe anayekunusa.

#48 Sultani wa Tabata
Ng'ombe anayekunusa 😂😂 Huyu #47 faini ya mbuzi haikumtosha.

#49 Ngomo
Ng'ombe wa kweli nao wako. Septemba banashusha ng'ombe kutoka alpage (malisho ya juu mulimani), banabavalisha maua ku kichwa, njia nzima inasimama. Oktoba wengi basha shuka.

#50 Mama Kibarua
Pale Reschen msisahau kusimama ziwani. Kuna mnara wa kanisa umesimama katikati ya maji. Kijiji cha zamani cha Graun walikizamisha 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, wakaacha mnara. Watu wanasema majira ya baridi kengele zinasikika.

#51 Nyanda za Juu
Kengele zilishushwa kabla maji hayajajazwa, mwaka huohuo. Ila hadithi tamu, iacheni.

#52 Mama Kibarua
Sasa si ndiyo maana inatisha?

#53 Spana Kumi na Tatu
Mhamiaji wa Isar, kabla hujaondoka: fluidi mpya, pima unene wa pedi, angalia diski. Na hujanijibu #10.

#54 Mhamiaji wa Isar
Mkuu, kusema kweli sikumbuki vizuri, nilikuwa na hofu. Nadhani ilikuwa laini. Mama watoto anasema pedali hakuiona lakini harufu ilikuwa ya klachi, siyo ya breki. Anasema anaijua harufu ya klachi tangu daladala za Moshi.

#55 Turbo Bubu
Klachi kwenye mteremko? Inaungulia wapi?

#56 Mzee wa Kitonga
Inaungulia kwenye kupanda, kama alikuwa anaiteleza kwenye kona za kwanza kwanza, harufu ikakaa. Mama watoto asidharauliwe.

#57 Spana Kumi na Tatu
Na moshi wa tairi za mbele?

#58 Mzee wa Kitonga
Huo ni wa breki. Yanawezekana yote mawili. Mtu mmoja anaweza kuwa na malaria na njaa.

#59 Mhamiaji wa Isar
Wakuu, tumerudi jana usiku. Mrejesho.

Fluidi nilibadilisha, matairi ya baridi nikafunga. Munich ilikuwa nyuzi 21, jua kali, nikamkumbuka dada wa #17 na Föhn yake. Fernpass foleni ya Jumamosi, saa moja na nusu kilomita chache. Reschen tukasimama kwenye mnara. Nikamweleza mama habari ya kijiji. Akauliza, "Waliokuwa wanaishi humo walilipwa?" Nikasema nasikia hawakuridhika. Akaguna tu, akarudi kwenye gari, hakutaka picha.

Asubuhi Prato bango jekundu: Stelvio imefungwa, theluji ya usiku. Watoto wakalia. Tukageuza, Müstair, Ofenpass, Zernez. Data zilizimwa, shemeji alikuwa na ramani ya karatasi kama baharia. Ile miti ya dhahabu ni kweli, dada, tulisimama mara tano. Bernina kulikuwa na theluji kando ya barabara, lami nyeusi, kavu. Mama mkwe alishuka kwenye gari, akatazama milima yote mizunguko miwili, akasema: "Mizuri. Lakini mbona haina migomba?"

Como tulifika usiku. Nyama tulikula ya hukohuko.

Kushuka Poschiavo nilitumia gia ya pili, mzee wangu wa Kitonga, breki nagonga naachia, nyuma yangu foleni ya Waitaliano wananipigia honi. Sasa sikilizeni: karibu na chini, harufu ikaja tena. Kidogo. Hakuna moshi. Shemeji anasema ni gari la mbele yetu. Mama watoto anasema klachi. Mtoto wangu mkubwa anasema ni bibi amefungua chupa ya tangawizi.

#60 Mzee wa Kitonga
Gia ya pili umefanya vema. Honi za watu haziui.

#61 Turbo Bubu
Mimi bado nasema haidrovaki ichunguzwe.

#62 Kipepeo wa Bern
Nimefurahi kwa miti. Njoo Juni kwa Stelvio.

#63 Sultani wa Tabata
Juni mama mkwe atakuwa hana viza, utakuwa na amani.

#64 Mhamiaji wa Isar
Anasoma uzi huu hapa pembeni yangu.

#65 Sultani wa Tabata
Shikamoo mama.

#66 Spana Kumi na Tatu
Hongera kwa kurudi salama. Pedali ilizama au ilikuwa ngumu?